Lisbon Hula Mchana

Kabla hujaenda Lisbon utaambiwa mambo mawili: maisha ni nafuu, na chakula ni kizuri. La pili ni kweli. La kwanza lilikuwa kweli zamani, na siku hizi limebaki kweli kwa mwenye kujua saa za kula na mahali pa kusimama. Nilikwenda kusoma shahada ya pili, na karibu nusu ya posho yangu ilikuwa ikiliwa na kodi ya chumba kabla mwezi haujaanza. Mimi ni Muislamu wa Mombasa, kwa hiyo nilikuwa na hesabu mbili za kupiga kila nilipokaa mezani: hii bei gani, na humu mna nini. Nayaandika haya kwa ajili ya anayefunga mizigo sasa hivi.

Nianze na chumba, kisha nitoke huko haraka maana sipendi kukumbuka. Nilikipata kwa yuro 420 kwa mwezi, katika fleti ya watu wanne eneo la Arroios, jiko na choo tukichangia. Mwenye nyumba alitaka kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho na amana juu yake, yote siku ya kukabidhiwa ufunguo. Njoo na pesa hizo mkononi, na usimtumie mtu hata senti kabla hujaona mlango ukifunguka. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni baridi. Majira ya baridi ya Lisbon si makali ukiyasoma kwenye utabiri wa hewa, lakini majumba mengi ya zamani hayana mfumo wa kupasha joto, na Januari ndani kunaweza kuzidi nje. Ukuta wa kitanda changu uliota kuvu jeusi. Wanafunzi wa Ujerumani na Finland, waliozaliwa kwenye theluji, walikuwa wakilalamika kuliko sisi. Omba chumba ambacho jua linaingia, na ununue chupa ya maji moto ya kulala nayo mapema.

Sasa chakula.

Wiki za mwanzo nilikula vibaya na kwa bei ya juu. Baixa, ile mitaa iliyonyooka iliyojengwa upya chini ya Marquês de Pombal, waziri wa mfalme, baada ya tetemeko la Novemba 1, 1755, imejaa mikahawa yenye picha za vyakula mlangoni na kijana wa kukuita uingie. Palipo na kijana huyo, pita. Mwenzangu mmoja wa Tanga, tuliyekuwa darasa moja, aliketi huko akaletewa mkate, zeituni, siagi na kijibini kidogo kabla hajaagiza chochote. Akadhani ni ukarimu, maana kwetu mgeni hawekewi kitu mbele yake kisha akaulizwa pesa. Bili ilipokuja, kila kimoja kilikuwa na mstari wake na bei yake.

Vitu hivyo huitwa couvert, na utavikuta karibu kila mkahawa wa Ureno, mzuri kwa mbaya. Si wizi. Bei yake huandikwa kwenye menyu, na sheria ya huko inasema kitu ambacho hukukiagiza na hukukigusa hakilipiwi. Kama huvitaki, sema "não, obrigada" (mwanamume husema obrigado), vitaondolewa na hakuna atakayenuna. Ukila zeituni moja, umenunua bakuli. Mimi nilikuja kuupenda ule mkate, hasa wa Alentejo, eneo la kusini mwa Ureno, wenye ganda gumu, lakini niliununua kwa kupenda.

Kilichonitoa kwenye ujinga wa bei ni chakula cha mchana. Toka nje ya mitaa ya watalii, tafuta mkahawa mdogo usio na mapambo, wao huuita tasca, wenye meza zilizotandikwa karatasi na orodha ya leo iliyoandikwa kwa mkono dirishani. Kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu utawakuta mafundi wa ujenzi wenye vumbi la saruji, makarani wa benki, na wazee wanaokula peke yao kila mmoja na meza yake ya siku zote. Wote wanakula prato do dia, sahani ya siku hiyo. Nilikuwa nikilipa yuro tisa au kumi, humo mna supu, sahani yenyewe, maji na kahawa. Usiku palepale mpango huo mara nyingi haupo. Utaagiza kwenye menyu na utalipa karibu mara mbili. Kwa hiyo niligeuza siku yangu: mlo mkubwa mchana, usiku mkate na supu nyumbani.

Saa ndizo zinazowaumiza wageni. Majiko mengi hufungwa alasiri, yakafunguliwa tena saa moja na nusu au saa mbili usiku. Anayeshikwa na njaa saa kumi jioni atakuta wazi mikahawa ya watalii tu, na pastelaria, yaani mgahawa wa mikate na keki. Nenda pastelaria.

Mambo mengine ya mezani nitayasema kwa mkupuo. Sahani hupimwa kwa dose na meia dose. Dose moja hushibisha wawili, na nusu yake ilinitosha mimi nisiyekula kidogo. Wali na chipsi huwekwa sahani moja na hakuna anayeona ajabu. Bili haiji mpaka uiombe, kwa sababu kukuletea bila kuombwa ni kama kukufukuza. Bahashishi si lazima. Watu huacha sarafu zilizobaki. Na penye samaki wa kuchagua kwenye barafu, angalia kama bei ni ya sahani au ya kilo. Ikiwa ni ya kilo, mwambie ampime kabla hajamweka kwenye makaa. Nimeona familia ya wageni ikitazama bili ya samaki mmoja kwa muda mrefu sana.

Nguruwe ni habari nyingine, na hapa nitakawia.

Mreno hamhesabu nguruwe kila anapomtia. Caldo verde, supu maarufu ya viazi na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nywele, huja na kipande cha chouriço kinachoelea juu, soseji ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Maharage hupikwa nayo. Njegere hupikwa nayo. Wali wa bata huokwa ukiwa umefunikwa vipande vya chouriço. Kuna hata sahani ya Alentejo inayochanganya nyama ya nguruwe na kombe za baharini, ukidhani umeagiza vitu vya bahari, kumbe. Katika tasca niliyoizoea nilimuuliza mama wa jikoni kama supu ya maharage ina nguruwe. Akanihakikishia kabisa kwamba haina. "Ni chouriço kidogo tu," akasema. Hakuwa akinidanganya, kwake nyama ni bonge la nyama, na hiki ni kiungo. Tangu siku ile sikuuliza tena kwa jina la mnyama peke yake. Nilitaja kimoja kimoja: chouriço, presunto (paja la nguruwe lililokaushwa), fiambre (paja lililopikwa), bacon, banha. Hiyo ya mwisho ni mafuta ya nguruwe, nayo huingia kwenye baadhi ya keki na mikate. Tosta mista, mkate wa kuchomwa wenye vitu katikati, ina jibini na paja la nguruwe. Ukitaka jibini tupu, sema só queijo.

Usidanganywe pia na alheira. Ni soseji ya Wareno wa kaskazini ambayo mapokeo yanasema ilibuniwa na Wayahudi, waliolazimishwa kuwa Wakristo mwaka 1497. Walijaza utumbo kwa mkate na nyama ya kuku au ndege, ili soseji zionekane zikining'inia jikoni kama za jirani na asiwepo wa kuwashitaki kwamba hawali nguruwe. Historia hiyo ilinigusa, nikaagiza, na bahati nzuri nikauliza kwanza. Alheira nyingi za leo zina nguruwe ndani. Soma karatasi ya pakiti.

Pombe nayo hupikiwa. Kombe za Bulhão Pato, zenye vitunguu thomu na dania, mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe, na wali wa pweza huweza kutiwa mwekundu. Swali la kuuliza ni leva vinho? Basi kilichobaki salama ni kipi? Samaki wa makaa, na hapo hutateseka. Dourada na robalo, carapau wadogo wa kukaangwa, ngisi, na pweza à lagareiro: pweza anayechemshwa kwanza, kisha anaokwa na mafuta mengi ya zeituni, vitunguu thomu na viazi vya maganda vilivyopigwa ngumi moja vikapasuka. Mtu wa Pwani akila pweza huyo atasamehe mengi. Ila Jumatatu usitegemee samaki mbichi. Wauza samaki wengi sokoni hufunga siku hiyo.

Kwa nyama halali nenda Martim Moniz, upande wa Mouraria, hasa Rua do Benformoso. Bucha na mikahawa ya Wabangladeshi na Wapakistani imepangana, na sahani ya biriani ilikuwa nafuu kuliko tasca. Msikiti Mkuu uko karibu na Praça de Espanha, ulifunguliwa 1985. Wengi walioanzisha jumuiya ile walitoka Msumbiji, na kina mama wa huko waliponisikia natoka Mombasa walinipokea bila maswali mengi. Wao ndio walionieleza kwa nini sambusa zimejaa kwenye kabati za vioo za pastelaria za Lisbon, pembeni ya keki: chamuças zilifika na watu wa Goa na Msumbiji. Zile za pastelaria huwa za nyama isiyochinjwa kwa namna yetu, basi nilikuwa nazitazama tu, na hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia. Ukiwa mbali na kwenu, sambusa uliyokatazwa inaweza kukuliza barabarani.

Kahawa ndiyo raha isiyohitaji maswali. Bica ni kikombe kidogo kikali. Galão ni glasi ndefu ya maziwa yenye kahawa kidogo. Nikisimama kaunta nilikuwa nikilipa yuro moja au pungufu, lakini ukikaa kwenye meza za nje, katika sehemu nyingi, kahawa ileile inapanda bei. Wenyeji husimama, hunywa kwa dakika mbili, hutoka. Lakini kwanza husalimu. Ukiingia popote, duka la dawa, lifti, ofisini, toa bom dia kabla ya haja yako, na baada ya chakula cha mchana ugeuze kuwa boa tarde. Sisi tuliolelewa na salamu hili halitupi shida. Wenzangu wa kutoka Marekani ndio waliokuwa wakihudumiwa mwisho wakashangaa. Na usiwasemeshe Kihispania ukidhani unawarahisishia. Kiingereza kibovu kinapokelewa vizuri zaidi.

Kwenye duka la mikate lenye watu, usitafute mstari. Tafuta mashine ndogo inayotoa karatasi ya namba, uchukue yako, usubiri. Wajawazito, wazee na wenye watoto wachanga hutangulizwa kwa sheria, si kwa hisani. Ukifika kulipa utaulizwa contribuinte?, yaani kama unataka namba yako ya kodi iandikwe kwenye risiti. Mgeni atasema não na maisha yataendelea. Chukua pesa taslimu kidogo kila siku, kwa kuwa tasca nyingine hupokea kadi za benki za Ureno tu. Mashine za kutolea pesa zilizoandikwa Multibanco ndizo za kutumia. Zile nyingine zinazong'aa mitaa ya watalii hukata ada kubwa.

Pastel de nata, keki ndogo yenye krimu ya mayai, nilikula nyingi kuliko daktari angependa. Keki nyingi za kale za Ureno zilitoka kwenye nyumba za watawa, ndiyo maana zimejaa kiini cha yai na sukari. Serikali ilipovunja nyumba za watawa wa kiume 1834, mapishi yakatoka nje, na huko Belém, jirani na monasteri ya Jerónimos, duka linalouza keki hizo lipo tangu 1837. Ile foleni ndefu ya nje ni ya wanaobeba. Ndani mna vyumba vingi vya kukaa na mara nyingi unapata nafasi upesi. Nyunyiza mdalasini, ule ikiwa ya moto. Humo Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama. Mimi niliyekulia mitaa ya nyuma ya Fort Jesus nilisimama pale kidogo, nikakumbuka kwamba mwaka 1498 Mombasa hawakumtaka na Malindi wakampokea, kisha nikaenda kupanga foleni ya keki.

Novemba moshi ulianza kujaa kwenye kona za barabara. Ni wauza castanhas, aina ya njugu kubwa za miti ya huko, wanaozichoma kwa chumvi na kukufungia kwenye karatasi. Kilele chake ni Novemba 11, sikukuu ya São Martinho. Yuro tatu zilipasha mikono joto na kuziba njaa ya saa kumi.

Desemba ni bacalhau. Aliyekula ng'onda hatahitaji kufundishwa: ni samaki wa maji baridi, chewa wa Norway na Iceland, aliyetiwa chumvi akakauka akawa kama ubao. Maduka ya Rua do Arsenal yanamuuza, na harufu itakuongoza. Wareno husema kuna mapishi yake ya kila siku ya mwaka. Nilianza na à Brás, anayechambuliwa na kukorogwa na vitunguu, mayai na viazi vilivyokatwa vyembamba, kwa sababu ni rahisi. Kazi iko kwenye kuloweka: siku nzima kwa vipande vyembamba, mbili kwa vinene, ndani ya friji, ukibadilisha maji mara kadhaa. Mimi nililoweka kwa haraka za nyumbani na chumvi ikanishinda. Tulimla kwa kusukumia na wali mweupe. Mkesha wa Krismasi familia ya mpangaji mwenzangu ilinialika. Nilitegemea karamu ya manukato, nikaletewa samaki wa kuchemsha, viazi vya kuchemsha, kabichi ya kuchemsha na yai, na chupa ya mafuta ya zeituni katikati. Wiki ileile nilikuwa nimelia kwa kukosa nyumbani. Kaa hapo, mimina mafuta bila woga, kula polepole. Ni chakula cha watu wasiotaka kujionyesha, na baada ya sahani ya pili nilikielewa.

Kuhusu fado, ule uimbaji wao wa huzuni ulioingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2011, nitasema la pesa na la adabu. Nyumba za fado za Alfama, mtaa wa kale, zenye chakula cha jioni zinaweza kukumalizia bajeti ya wiki, na mara nyingi kuna kiwango cha chini cha kutumia. Uliza kabla ya kuketi. Kuna pia usiku wa fado vadio, waimbaji wa mtaani wakipokezana kwenye baa ndogo, unalipia kinywaji tu, na maji ya limau ni kinywaji. Taa zikififia, nyamaza kabisa, hata uma usigonge sahani. Kwetu taarabu ikikolea unainuka kwenda kutunza. Huko ukiinuka utatazamwa macho ya kukukalisha.

Usafiri haukunisumbua. Kadi ya mwezi ya Navegante ya yuro 40 ilinipa treni za chini ya ardhi, mabasi, tramu na hata feri katika manispaa zote 18 za eneo la Lisbon, pamoja na Cacilhas ng'ambo ya mto Tejo, kwenye mikahawa ya samaki. Tramu namba 28 panda mapema asubuhi ama uiache, kwa sababu wezi wa mifukoni wanaipenda kuliko wewe. Na viatu: njia za waenda kwa miguu zimetandazwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na miguu ya watu miaka mingi, na mvua ikinyesha vinateleza mteremko mzima. Nunua soli ya mpira, uache viatu vya kupendeza nyumbani.

Halafu ikaja Juni, na mji nilioudhani umenuna ukatoka nje. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13, sikukuu ya Santo António, kila uchochoro wa Alfama, Graça na Mouraria una jiko la makaa mlangoni na sardini juu yake. Huwekwa juu ya kipande cha mkate, unamla kwa vidole, na mkate uliolowa mafuta unaumalizia mwisho. Kadiri usiku unavyokua bei inapanda, kwa hiyo fika kabla ya jua kuzama. Chagua jiko linalochoma samaki peke yake. Mengi huchanganya na nyama ya nguruwe juu ya wavu mmoja. Wauzaji wana pia vyungu vidogo vya manjerico, mrehani wenye majani madogo, na ubeti wa mapenzi kwenye kibendera cha karatasi. Nilipoinama kuunusa kama tunavyonusa mrehani wetu, bibi mmoja akanizuia: utanyauka, alisema. Huguswa kwa kiganja, kisha ukanusa kiganja.

Ukipanga safari, njoo Juni kama unastahimili umati, au Oktoba kama hustahimili. Agosti wenyeji huenda likizo, na tasca nzuri hubandika karatasi mlangoni na kufunga kwa wiki kadhaa. Mwezi ule nilijipikia. Tui la kopo, dengu, mchele wa basmati na unga wa chapati vyote vipo Martim Moniz kwa bei ya haki. Bizari nzima ipo. Iliki ipo lakini wanaiuza kama dhahabu. Pilau masala ya kwetu sikuipata popote, kwa hiyo beba yako, na uifunge mifuko miwili au mitatu, la sivyo nguo zote za begi zitafika zikinuka shughuli.